Mshiriki wa Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na msimamizi wangu amenirudishia Sura ya Tatu kwa mara ya nne.

Nimefungua daftari hili kwa hasira, sitaki kujidanganya. Nisipoandika humu nitamwandikia yeye, na barua hiyo haitanisaidia kuhitimu. Nina miaka arobaini na miwili. Huu ni mwaka wa kumi na sita nafundisha darasa la tatu, na jioni na Jumamosi nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Leo nimekaa saa mbili nje ya mlango wa mtu, viatu vimelowa chapachapa, kama mtoto aliyekutwa anatoroka kipindi.

Msimamizi wangu ni Daktari, lakini sisi wanafunzi wake tunamwita Mkato. Ukimpa kurasa arobaini anakurudishia kurasa arobaini zilezile zenye alama mpya za mkato. Leo kaongeza mambo matatu. Weka jedwali la washiriki. Weka mfano wa uchambuzi wa data. Na pale nilipoeleza nilivyowapata walimu wa kuhoji, kafuta mistari sita kwa penseli na kuandika juu yake neno moja: nasibu.

"Daktari," nikamwambia, "sikuwapata kwa nasibu. Walimu wakuu ndio walionichagulia. Nilifika nikawakuta wameshapangwa kwenye benchi."

"Hilo najua."

"Sasa niandikeje nasibu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Mama," akasema, na huyu kanizidi mwaka mmoja tu, "sura ya mbinu inaeleza utafiti unavyopaswa kufanyika. Kila mtu anaandika nasibu."

Kila mtu! Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya madimbwi bila hata kuyakwepa.

Jumanne, 5 Machi

Mikato. Nimehesabu mia moja na kumi na minne.

Ijumaa, 8 Machi

Niweke mambo sawa, nisije nikasahau kwa nini nilianza.

Kila mwaka linafika kwangu kundi la watoto wasioweza kusoma hata jina la shule lililopakwa ukutani. Na kila mwaka matokeo ya mtihani wa wilaya yanasema watoto wetu wanasoma vizuri kuliko mwaka uliopita. Nikajiuliza: hawa wasiojua kusoma wanakwenda wapi siku ya mtihani? Ukiondoa maneno makubwa, ndiyo tasnifu yangu yote hiyo.

Januari na Februari nilizunguka shule nne, nikahoji walimu watatu kila shule, jumla kumi na wawili. Kumi na mmoja walinipa majibu yaliyopigwa pasi. Watoto wanaendelea vizuri, wazazi wanashirikiana, changamoto ni madawati. Wa saba alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Alizima feni ili simu yangu inase sauti vizuri, akakaa, akauliza, "Haya maneno yatafika wapi?"

"Kwangu tu. Kwenye maandishi utakuwa namba tu, bila jina. Hata mume wako hatajua."

"Sina mume, nina dada. Na dada akijua wanajua wote." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Siku ya mtihani wa wilaya tunawaambia wasiojua kusoma wabaki nyumbani. Mwaka jana walikuwa kumi na tisa. Orodha niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu."

Nilimpa fomu ya ridhaa. Ilisema jina lake halitajulikana kwa mtu yeyote. Aliisoma neno kwa neno, kama mtu anayesahihisha, kisha akatia saini.

Alhamisi, 14 Machi

Jedwali limekamilika. Washiriki kumi na wawili, kila mmoja na jinsia yake, miaka yake kazini, somo lake na herufi ya shule yake. Nimelitazama kama mtu anavyotazama chumba alichokipaka rangi mwenyewe. Mfano wa uchambuzi nao upo. Nimetumia maneno ya Mshiriki wa Saba kuhusu ile orodha, kwa sababu kwa wale wengine kumi na mmoja hakuna cha kuchambua.

Na nimeandika nasibu. Naam. Neno moja tu.

Mume wangu ni fundi cherehani na cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo kila ninachokiandika nakiandika kwa mdundo wa mguu wake. Mama yake huwa anakaa kando yake akifumua mishono ya nguo za kurekebishwa. Leo aliniona natabasamu peke yangu.

"Mwanafunzi wetu kafurahi," akasema. Ananiita hivyo, na sijawahi kujua kama ananisifu au ananikejeli. "Umeandika nini?"

Nikamsomea kidogo.

"Nasibu ndiyo nini?"

"Ni kama kura, mama. Kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa."

"Na wewe ulipiga kura?"

"Hapana, mama."

"Aha," akasema, akavuta uzi.

Hiyo "aha" imenikera kuliko mikato yote mia moja na kumi na minne. Mtu hajawahi kuliona darasa la chuo, eti ananiambia aha.

Jumanne, 19 Machi

Leo Mkato kanipa kiti. Mara ya kwanza tangu tufahamiane. Amesema sura sasa imesimama, jedwali ni safi, mfano wa uchambuzi una uzito. "Nitampa ofisa elimu wa wilaya aipitie. Atakuwa kwenye jopo lako siku ya kutetea tasnifu, ni vizuri akuzoee mapema."

Nilijisikia kichwa kimevimba kwa fahari. Nikamshukuru. Hata mkono nikampa.

Jumatano, 27 Machi

Mvua wiki nzima. Paa la darasa linavuja mahali pawili. Nimehamisha madawati, tumesoma tukiwa tumejazana upande mmoja kama sisimizi.

Jumatano, 3 Aprili

Wakati wa mapumziko nimepigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Mwalimu, hujambo. Ni mimi, Mshiriki wako wa Saba."

Nilifurahi kwanza, mpumbavu mimi. Kisha nikaganda. Sikuwahi kumwambia kwamba yeye ni wa saba.

"Umejuaje namba hiyo?" nikauliza.

"Nimeiona kwenye karatasi yako. Ofisa elimu aliniwekea mezani. Mwanamke, miaka thelathini na mmoja kazini, hesabu, Shule C. Katika shule yetu mwenye miaka thelathini na mmoja ni mimi tu, wengine wote ni vijana. Na chini yake maneno yangu, hakuna hata moja lililobadilika." Akapumua. "Nimehamishwa. Naanza kazi Jumatatu, shule ya mwisho wa barabara, kule kunakopita gari moja kwa siku. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukapita shuleni ukanitafuta bure."

Kengele ikalia. Nikaingia darasani. Nimefundisha somo zima na sijui nimefundisha nini.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeomba ruhusa nikaenda kwake.

Anaishi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule yake, na dada yake mkubwa ambaye macho yamekufa miaka sita sasa. Nilikuta vitabu vimefungwa kwa kamba na masufuria yamewekwa ndani ya beseni. Dada alikuwa kakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya vyombo, akipapasa kila kitu kinachopitishwa karibu yake na kukitaja: "Hiki kinu. Hii ndoo ya bluu. Hii mnaipeleka ya nini, imetoboka."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Nikabaki nimesimama mlangoni natiririka maji.

"Ingia," akasema Mwalimu wa Hesabu. "Utailowesha sakafu, lakini si yetu tena."

"Mwalimu, nakuomba msamaha."

"Nani huyo anaomba msamaha?" dada akauliza.

"Yule wa utafiti."

"Yule wa hata-dada-hatajua?"

"Huyohuyo."

Dada akageuza uso kwangu kana kwamba ananiona. "Mdogo wangu kakaa miaka thelathini na mmoja bila kusema. Siku aliyosema, mwanamke mwenzake akamwandikia jedwali."

Nikamwambia Mwalimu wa Hesabu kwamba kwa kanuni za utafiti ana haki ya kujitoa wakati wowote. Neno lake moja tu, naondoa mahojiano yake yote, nafuta sauti, nachana karatasi. Nilidhani nampa zawadi.

Akaweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. Hapo ndipo nilipomwona kakasirika, maana mpaka hapo alikuwa mchovu tu.

"Unifute?"

"Ili usipate madhara zaidi."

"Madhara nimeshapata. Nikifutwa sasa, nitakuwa nimehamishwa kwa sababu gani? Kwa hewa?" Akanisogelea, akanishika kwenye kiwiko. "Wale watoto kumi na tisa niliwaandika mimi. Niliwaita mmoja mmoja nikawaambia kesho pumzika nyumbani. Mmoja aliniuliza, mwalimu, nimekosa nini? Nimelibeba hilo mwaka mzima, nimekuja kulitua kwako, halafu wewe unataka kulifuta ili usisumbuke. Usinifute! Sikiliza. Usinifute."

Nimemsaidia kufunga vitabu. Hatukuongea tena sana. Nilipoondoka dada yake aliniambia niangalie ngazi, inateleza.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijaandika chochote. Nimesahihisha madaftari hamsini na mawili. Kila jina nimelisoma mara mbili.

Jumanne, 9 Aprili

Leo sikungoja mlangoni. Nilibisha nikaingia.

"Daktari, ulimpa ofisa elimu sura yangu, na mwalimu niliyemhoji kahamishwa."

Alijua. Niliona kwa jinsi alivyoanza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Uhamisho ni mambo ya ofisi yao," akasema. "Sisi ni wasomi."

"Aliwekewa karatasi yangu mezani!"

"Punguza sauti."

"Jedwali uliliomba wewe. Mfano uliuomba wewe. Na kumpelekea ulimpelekea wewe."

"Na jedwali uliliandika wewe," akasema, polepole, bila kuniangalia. "Miaka kazini, somo, shule. Nilisema weka jedwali. Sikusema weka yote."

Kanipiga pale penyewe. Nilitamani kukana na sikuweza. Jedwali ni langu. Nililipaka rangi mwenyewe na kulitazama kwa fahari.

Kisha sauti yake ikashuka. Akafunga mlango. "Mama, nina wanafunzi kumi na wanane. Kila mmoja anahitaji kibali cha kuingia shuleni, na kibali kinatoka kwa yule bwana. Akiuliza kitu, nampa. Nikimnyima mara moja, wote kumi na wanane wanakaa nje. Unafikiri napenda?"

Mpaka leo nilimwona jeuri anayejificha nyuma ya mikato. Leo nimeona mtu anayeogopa, na nadhani ameogopa miaka mingi hata hakumbuki alianzia wapi. Woga wake nimeuelewa. Lakini kwa nini aubebe mwanamke wa hesabu na dada yake asiyeona?

"Nitaandika yaliyotokea," nikamwambia. "Ndani ya Sura ya Tatu."

"Hakuna sehemu ya kuandika mambo hayo."

"Nitaifungua."

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Nimeandika aya moja, nimeifuta.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeandika aya ileile.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeanza na neno nasibu. Nimelitoa. Nimerudisha ukweli: walimu wakuu ndio walionichagulia watu wa kuhoji, na inawezekana walinichagulia wanaojua kunyamaza. Hapo nikaona kitu ambacho miezi miwili sikukiona. Kama walichaguliwa wanaojua kunyamaza, basi yule mmoja aliyesema ana uzito wa watu kumi. Neno nasibu lilikuwa linamshusha hadi mtu mmoja kati ya kumi na wawili, bahati mbaya, kelele kidogo kwenye data. Uongo wa neno moja, na ulikuwa unampunguza yeye.

Nilikwenda nikakaa karibu na mama mkwe sebuleni, nikamwambia nimelitoa lile neno.

"Lipi?"

"La kura, mama."

"Aha," akasema, vilevile kama siku ile. Nimegundua leo kwamba hakuwa ananikejeli hata kidogo. Ndivyo anavyosema anapoelewa kitu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sehemu mpya imekamilika, kurasa mbili. Nimeiita "Kasoro za Kimaadili Zilizojitokeza". Mume wangu kaisoma akiwa ameweka pini mdomoni. Alipomaliza akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kitambaa.

"Watakufelisha?"

"Wanaweza."

"Miaka mitatu ya Jumamosi zako."

"Najua."

Akakanyaga cherehani kidogo, akaisimamisha tena. "Nguo ikishonwa vibaya," akasema, "mimi hufumua. Mteja anapiga kelele, lakini nafumua." Akarudi kazini. Huyu ndiye mume wangu, na maneno mengi kuliko hayo huyapati mwaka mzima.

Ijumaa, 3 Mei

Mkato kasoma kurasa mbili nikiwa nimekaa mbele yake. Hakuweka hata mkato mmoja.

"Siwezi kusaini hii," akasema. "Ondoa sehemu hii nasaini leo, sasa hivi, kalamu ninayo. Ukiibakiza, tafuta wa kusaini."

"Daktari, kuna neno lolote humo ambalo si kweli?"

Mvua inapiga bati. Nikangoja kama ninavyongoja watoto wangu, na nimefundisha miaka ya kutosha, najua kungoja.

"Hapana," akasema.

Nikachukua karatasi zangu nikatoka.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepeleka barua kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Karani aliipokea, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza namlalamikia nani.

"Watatu," nikasema. "Wa kwanza mimi."

Akanitazama kama mgonjwa aliyekosea hospitali. Lakini muhuri aligonga.

Ijumaa, 10 Mei

Kamati bado haijajibu. Shuleni mwalimu mkuu kaniuliza kwa upole kama ni kweli "nina matatizo chuoni". Kwa hiyo habari zimeanza kutembea. Zina miguu mirefu habari za mwanamke aliyekataa kufuta kurasa mbili! Za watoto kumi na tisa waliokatazwa mtihani hazikufika hata getini.

Jumanne, 14 Mei

Kamati imekaa leo. Watu watano, meza ndefu, dirisha moja halifungi na mvua inaingia. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, profesa, ana sauti ndogo kiasi kwamba wote tulilazimika kunyamaza ili tumsikie. Nadhani ndiyo shabaha yake.

Mkato alikuwepo. Ofisa elimu alialikwa hakuja, alituma barua. Mwenyekiti akaisoma: uhamisho ulikuwa wa kawaida kwa kuzingatia mahitaji ya kazi, na ofisi haina taarifa ya karatasi yoyote.

Haina taarifa! Nilisimama bila kuitwa. "Mwenyekiti, mwalimu niliyemhoji aliwekewa karatasi hiyo mezani. Alinisomea jedwali langu kwenye simu, safu kwa safu. Angelijua vipi? Nimeota mimi?"

"Keti, mwalimu," akasema mwenyekiti, na sauti haikupanda. Kisha akamgeukia msimamizi wangu. "Daktari, sura hii ulimpa ofisa elimu?"

Niliitazama miwani yake. Nilimwona akiishika, akiiacha. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akisema hapana, na nilikuwa nimejiandaa kupiga meza.

"Nilimpa," akasema. "Kwa mkono wangu. Na nilijua mule ndani kuna maneno ya walimu."

Sikutarajia, na sijui nimweke wapi sasa huyu mtu. Hasira yangu haijaisha. Lakini ile ya kumdharau, hiyo imeondoka leo pale mezani.

Uamuzi: nipewe msimamizi mwingine. Daktari apewe onyo la maandishi. Jedwali litolewe. Kurasa mbili zibaki, iwapo tu mwalimu mwenyewe atazisoma na kuridhia kwa maandishi, kwa sababu bado ni habari zake. Kuhusu uhamisho, kamati itaiandikia ofisi ya elimu kutaka maelezo.

"Mtaiandikia tu?" nikauliza.

"Ndipo nguvu zetu zinapoishia," akasema mwenyekiti. Angalau hakujifanya kuwa zinafika mbali zaidi.

Ijumaa, 24 Mei

Ofisi ya elimu imejibu. Mahitaji ya kazi. Mistari miwili, muhuri mkubwa kuliko maneno.

Ijumaa, 31 Mei

Nimesafiri kwa gari lile moja. Saa nne za tope, mara mbili tumeshuka kusukuma. Nilifika shule ya mwisho wa barabara wakati watoto wanatoka, mabegi vichwani kukinga mvua.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa darasani anafuta ubao. Amekonda. Alisema nyumba waliyopewa ni chumba kimoja, na dada yake amejifunza njia ya kisimani kwa kuhesabu hatua na sasa anawakataza watu kumshika mkono. Nikampa kurasa mbili. Akavuta kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani, akatoa kalamu nyekundu mfukoni.

Alianza na hesabu. "Asilimia zako zinafika mia moja na moja. Huyo mmoja wa ziada kazaliwa wapi?" Akaizungushia duara. Kisha akasoma polepole, na kalamu ikasimama.

"Hapa umeandika: usiri wa mshiriki mmoja ulivunjika."

"Ndiyo."

"Ulivunjika." Akalitafuna neno. "Mtoto akija kuniambia, mwalimu, kioo kimevunjika, mimi huwa namuuliza kimevunjwa na nani. Maana vioo havina tabia ya kuvunjika vyenyewe darasa la nne."

"Ndivyo tunavyoandika chuoni, mwalimu. Ni mtindo."

"Najua ni mtindo. Hata mimi kwenye ripoti ya mwaka jana niliandika, watoto kumi na tisa hawakuhudhuria." Aliniangalia, macho makavu kabisa. "Hawakuhudhuria. Unaona lilivyo zuri neno hilo? Halina mtu ndani."

Akapiga mstari chini ya "ulivunjika". Juu yake akaandika kwa herufi za ubaoni, kubwa na zilizosimama: NA NANI?

Chini kidogo nilikuwa nimeandika "mshiriki huyo alihamishwa". Akapiga mstari tena. NA NANI?

Nilichukua kalamu ile, pale pale, juu ya dawati lililochorwa majina ya watoto, nikaandika upya. Mimi niliandika jedwali lililomtambulisha mshiriki. Msimamizi wangu aliikabidhi sura kwa ofisa elimu wa wilaya. Ofisa elimu wa wilaya alimhamisha mshiriki baada ya kuisoma. Neno la kwanza, lile mimi, lilinichukua muda mrefu kuliko lile la ofisa.

Akasoma, akaweka alama ya vema pembeni, kubwa, kama anavyowawekea watoto. Kisha akatia saini kwenye fomu ya kuridhia.

"Na kosa langu je?" akauliza. "Pale kwenye mahojiano nilisema niliandika orodha. Bado imo?"

"Imo."

"Basi."

Ijumaa, 14 Juni

Leo nimekabidhi tasnifu. Msimamizi mpya amesaini. Aliniuliza mara mbili kama sentensi zile tatu zibaki hivyo, nikamwambia zibaki. Huenda jopo likanitoa jasho, na ofisa elimu bado ni mjumbe wake, hakuna aliyemwondoa. Nimepeleka ombi aondolewe. Nitapeleka jingine wiki ijayo, na jingine.

Nilimkuta Mkato kwenye ngazi. Tulisalimiana. Alisimama kama mwenye neno, kisha akasema tu kwamba ukurasa wa sitini na mbili umekosa mkato. Nikatazama. Ni kweli.

Mchana Mwalimu wa Hesabu kanitumia ujumbe. Nimeusoma nikiwa nimesimama kwenye mvua, sikuona haja ya kutafuta mahali pa kujikinga:

"Leo tumefanya mtihani wa wilaya. Kwenye rejista arobaini na wanne, kwenye madawati arobaini na wanne. Mwalimu mkuu hasemi na mimi. Wastani wetu utakuwa aibu ya wilaya nzima, na nimeuhesabu mara tatu kwa raha."